Naanza GIS (ramani za kompyuta) Kigoma: mashamba yangu ya michikichi yametokea Sudan Kusini

Mchikichi_Simbo
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nafanya kazi ya ugani. Nimechukua kwa simu kona za mashamba 40 ya michikichi, mengine Simbo, mengine Kasulu. Nimeweka QGIS, programu ya kuchora ramani, kwa sababu ni ya bure, nikaingiza namba zangu, nukta zote zikaangukia Sudan Kusini! Video nimeangalia hadi bando limekata, kila mwalimu anaanzia pake. Wakulima wanasubiri ramani na sitaki kuwapa kitu cha uongo. Nianzie wapi?

Isevya_Tabora
Pole mkuu, hapo tulikwama wengi. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo lazima iwe na alama ya kutoa. Kigoma mjini ni kama -4.88 na 29.63. Longitudo ndiyo X, latitudo ndiyo Y. Ukizibadilishana unatua Sahara.

Mchikichi_Simbo
Zimerudi nyumbani, asante sana! Ila shamba moja eneo linasomeka 0.00000066, na mzee mwenyewe anasema ni ekari mbili.

MpimaUjiji
Mzee yuko sahihi. Programu imepiga hesabu kwa digrii, na digrii haipimi shamba. Hamishia data kwenye UTM, mfumo wa ramani unaogawa dunia kwa kanda na kupima kwa mita. Sasa kuwa makini, maana mkoa wetu una mtego: mstari wa longitudo 30, ambao ni mpaka wa kanda mbili, unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Simbo iko kanda ya 35 Kusini, Kasulu ya 36 Kusini. Namba za kuchagua kanda hizo kwenye QGIS ni EPSG 32735 na 32736. Pima kila upande kwa kanda yake, faili la asili libaki na digrii. Ukilazimika kuwa na ramani moja, tumia 36 kote. Kwa Simbo kosa la eneo halifiki hata nusu ya asilimia moja.

Usichanganye na Arc 1960, mfumo wa vipimo wa ramani za zamani, shamba litahama karibu mita 300.

Isevya_Tabora
Na ukimtumia mtu shepufaili (faili la ramani lenye vipande kadhaa), tuma .shp, .shx, .dbf na .prj pamoja. Ukituma .shp peke yake atakupigia simu usiku.

Mchikichi_Simbo
Shamba la mzee: mita za mraba 8,140. Ekari mbili kweli! Kesho naanza ya Kasulu.