Dola 80 kwa gemu ya mkononi: kikomo chako kiko wapi?

Mchezaji_K: Gemu kubwa za Nintendo 3DS, mashine ya zamani ya gemu ya kushika mkononi, zilikuwa dola 39.99. Kwenye Switch, mashine ya Nintendo iliyofuata, zikawa 59.99, na mwaka 2025 Mario Kart World ya Switch 2 ikatoka kwa 79.99. Mnapimaje kabla ya kulipa?

kadi_na_kasha: Mimi kwanza napunguza kwenye bei kiasi ninachoweza kurudishiwa nikiiuza. Gemu ya kupakua haiuziki, kwa hiyo siilipii bei ya gemu inayouzwa kwenye kasha ikiwa na kadi yake. Ila soma kasha vizuri: baadhi ya kadi za Switch 2 ni ufunguo tu. Gemu yenyewe unaipakua, na kadi lazima ikae ndani kila ukicheza. Seva zikizimwa siku moja, anayeinunua kwako hataweza kuipakua. Duka la mtandaoni la 3DS liliacha kuuza Machi 2023, kwa hiyo si hofu ya bure.

Betri20: Kwenye Steam Deck, mashine ya mkononi ya kucheza gemu za kompyuta kutoka duka la mtandaoni la Steam, subiri punguzo. Ukinunua, unaweza kudai kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujapita saa 2 za kucheza. Zitumie vizuri: nenda haraka kwenye sehemu yenye vita au umati, washa kipimo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde), angalia kama maandishi yanasomeka. Gemu nyingi hukwama hapo kwenye maandishi, maana yalipangwa kwa skrini kubwa.

Mchezaji_K: Na hifadhi?

kadi_na_kasha: Iongeze kwenye hesabu. Switch 2 ina GB 256, na gemu zake hazikai kwenye microSD (kadi ndogo za kuongeza hifadhi) za kawaida, zinataka microSD Express, ambazo ni ghali zaidi.