Malengo ya mwaka kwenye kaye (daftari): yaandikwe namna gani ili yafanyike kweli?

Mama_Mushonaji (Katuba)

Jambo ndugu zangu wa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza tunaandika malengo, mwezi wa tatu hakuna anayefungua kaye. Yangu ni haya: (1) kujua Kiingereza, kwa sababu vitambaa naagiza Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, (2) kuweka akiba ya mashine ya pili ya kushona, dola 180, (3) kuwa mtu wa nidhamu. Nauza soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, Jumatatu mpaka Jumamosi. Wenye kujua, nionyesheni sentensi hizi zina kasoro gani. Tena, ni kweli kwamba wanafunzi wa Yale, chuo kikuu cha Marekani, walioandika malengo yao mwaka 1953 walitajirika kupita wenzao wote? Kwenye semina tunaambiwa hivyo kila mara.

Mwalimu_Kampemba

Mama, tuanze na Yale, maana hadithi hiyo inapotosha watu wengi. Utafiti huo haukufanyika. Waliofuatilia hawakupata ripoti wala mtafiti. Kazi iliyopo kweli ni ya Gail Matthews wa Dominican University of California: watu 149, makundi matano, wiki nne. Kundi moja lilifikiria malengo tu. Kundi la mwisho liliandika malengo, likaandika na matendo ya kufanya, na kila wiki likamtumia rafiki habari. Hilo la mwisho ndilo lililosonga mbele zaidi. Washiriki walijipima wenyewe, kwa hiyo tusilipe jambo hili uzito kupita kiasi, lakini angalia kilichoongezwa juu ya biki na karatasi: tendo, na mtu anayengoja habari.

Sasa sentensi zako. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walionyesha kwa miaka mingi kwamba lengo la wazi na gumu kidogo linashinda «nitajitahidi». «Kujua Kiingereza» ni «nitajitahidi» iliyovaa nguo nyingine: hakuna siku utakayosema limeisha. Andika kazi ambayo Kiingereza kitakufanyia: «Kufika mwisho wa mwezi wa sita, naandika mwenyewe ujumbe wa kuagiza vitambaa: aina, rangi, mita, bei, siku ya kufika.» Ni maneno machache, na yote yanatumika.

Chini yake weka tendo, siku, saa na mahali: «Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa 12 asubuhi, mezani, dakika 25: sentensi 5 mpya kwa mkono, kisha kuzisoma kwa sauti.» Halafu mstari wa «kama… basi» kwa kizuizi unachokijua tayari: «Kama umeme umekatika, basi nasoma kwa taa ya kuchaji niliyoiacha mezani usiku.» Peter Gollwitzer na Paschal Sheeran walikusanya tafiti 94 mwaka 2006, wakaona mpango wa namna hiyo unasaidia sana. Sababu yake ni kwamba uamuzi umeshafanyika mapema; giza lenyewe linakukumbusha cha kufanya, huanzi kubishana na usingizi.

Lengo la tatu lifute. Nidhamu haina tarehe wala haihesabiki, na kila siku mbaya itakusomea hukumu. Malengo mawili yanatosha kaye moja.

Papa_Hesabu (Kamalondo)

Mimi naongelea akiba tu. Dola 5 kwa wiki zinatoa 180 kwa wiki 36. Ukianza Januari, unafikia mwanzo wa Septemba, na hapo masomo yanafunguliwa: minerval (karo ya shule), viatu, makaye. Pesa ya mashine italiwa na shule, na wewe utajiona umeshindwa, kumbe kosa ni la kalenda. Weka dola 6: wiki 30, unamaliza mwisho wa Julai.

Andika lengo kwa dola kwa sababu bei ya mashine iko kwa dola, ingawa wateja wanakulipa faranga. Badilisha kila Jumamosi jioni, kabla ya kununua chakula cha Jumapili. Ukizikusanya faranga miezi mitano, kiwango kinaweza kugeuka na hesabu yako ikavunjika. Na mvua: mpaka karibu mwezi wa nne kuna siku soko halitembei, kwa hiyo tangu sasa andika «kama wiki ya mvua imeuza kidogo, basi naweka dola 3, na wiki 3 zinazofuata naweka 7». Usiandike «nitalipa zote wiki ijayo». Deni la dola 12 kwa wiki moja ndilo linalomfanya mtu aifunge kaye.

Kama uko kwenye likelemba (mchango wa kupokezana kwa zamu), andika zamu yako ni wiki gani. Pesa ya zamu inaweza kufunga sehemu kubwa ya lengo kwa mara moja, lakini mchango wake usiuhesabu mara mbili.

Yaya_BelAir

Naongeza upande wa kufuatilia, hapo ndipo makaye mengi yanapokufia. Ukurasa wa kushoto lengo, wa kulia safu nne: tarehe, nilichopanga, nilichofanya, kilichozuia. Safu ya nne usiiache tupu. Kizuizi kilekile kikitokea mara tatu, badilisha saa au mahali, usijilaumu. Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake waliunganisha tafiti 138: kufuatilia maendeleo kunasaidia kufikia lengo, na kunasaidia zaidi yakiandikwa au yakijulikana na wengine.

Ila dada, si kila kutangaza kunafaa. Gollwitzer na wenzake (2009) waliona kwamba mtu akitangaza anachotaka kuwa, na wenzake wakalisikia, anaweza kupunguza bidii, kwa maana sifa ameshaionja. Kwa hiyo kwenye kikundi cha WhatsApp usiandike «mwaka huu nitakuwa mtu wa Kiingereza». Mtumie mtu mmoja, Jumapili jioni: «Wiki ya 3. Masomo 2 kati ya 3. Dola 6 zimeingia. Ijumaa nilichelewa kuamka.» Mwombe asikusifu wala asikugombeze, aulize tu kama ujumbe haukufika.

Mama_Mushonaji (Katuba)

Aksanti sana. Nimeandika upya: «Mwisho wa Juni: ujumbe wa kuagiza vitambaa, mimi mwenyewe. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa saa 12 asubuhi. Mwisho wa Julai: dola 180, dola 6 kila Jumamosi.» Habari nitamtumia dada yangu mkubwa.

Mwalimu_Kampemba

Vizuri, mama. Umeacha mahali, na mstari wa «kama… basi» haupo kwenye lengo lolote kati ya haya mawili. Ongeza pia jaribio la katikati, mwisho wa Machi: andika ujumbe wa rangi na mita tu, umtumie muuzaji wako wa Zambia. Asipokuelewa, sentensi zako 5 za kila somo zitoke kwenye mahali aliposhindwa.