Chemka, Magadi au Rwagimba: wapi pa kutembea kwa miguu kisha kuoga maji ya moto?

Mtoto wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Tuko watu sita hapa Arusha. Mwisho wa mwezi tunataka kutembea kwa miguu tuishie kwenye chemchemi ya maji moto, tuoge, turudi. Sio kushuka garini, picha mbili na kuondoka. Tunataka jasho kwanza. Tumefikiria Chemka kule Hai, Maji Moto ya Manyara, na Ziwa Magadi, upande wa Kenya ng'ambo ya Namanga. Mmoja wetu ni mama mtu mzima, magoti yanamsumbua, na ndiye mwenye hamu kuliko wote. Tushaurini.

Kibo Kaskazini
Chemka ni nyumbani, naijua nje ndani. Pazuri hasa: maji maangavu ya buluu, unaona mizizi ya mikuyu mpaka chini, samaki wadogo wanakudonoa nyayo, vijana wanajirusha kwa kamba. Ila maji si ya moto, mkuu. Ni vuguvugu, na ukiingia saa saba mchana na jua la Hai kichwani utaapa ni baridi. Mama atafurahi, lakini alichokifuata hatakipata.
Kutembea nako hakuna raha. Mnashuka Boma Ng'ombe, wengi huchukua bajaji au bodaboda kupitia Rundugai. Kwa miguu inawezekana, ila ni vumbi tupu na kivuli hakuna. Jumapili msithubutu: muziki, moshi wa nyama choma, watu wamejaa. Asiyejua kuogelea akae ukingoni, pana kina.

Mzee wa Pori
Manyara futa kabisa. Yale maji yanafika nyuzi 60 hivi, yako ndani ya hifadhi, na kuna njia ya mbao ya kupita ukitazama. Unatazama, basi. Ziwa Bogoria la Kenya vilevile, kabla hajatokea mtu wa kuitaja: pale Loburu maji yanachemka kwelikweli, watu wanachemshia mayai.

Nyambura Rongai
Magadi mimi naipigia kura. Chemchemi ziko upande wa kusini mwa ziwa, ukishapita mji wa kiwanda cha magadi. Unakatiza kwenye tuta, magadi meupe kushoto na kulia, kwingine yamekuwa rangi ya waridi. Gari lazima, tena la juu juu. Mkifika huko mliache mtembee ukingoni. Chukueni kijana wa Kimaasai wa pale awaongoze, maana alama za matairi zinaishia kwenye tope na mtu anazama na gari lake.
Kuoga kuna utaratibu wake. Karibu na jicho la chemchemi maji yanaunguza, yakitiririka kwenda ziwani yanapoa. Angalieni perege wadogo. Wanaishi humohumo kwenye maji ya moto, lakini yakizidi nyuzi 40 na kitu hata wao wanakimbia. Wakiwa wengi mahali, tia mkono kwanza, halafu mguu. Msikanyage ule ukoko mweupe karibu na jicho, juu unaonekana mgumu na chini ni maji ya moto. Na bebeni dumu la maji baridi ya kujisuuza, la sivyo magadi yanakauka mwilini mnaanza kujikuna kabla ya kufika Olorgesailie, njiani kurudi. Wenyeji wanakwenda pale kwa ajili ya maumivu ya mwili, kwa hiyo mama yenu hatakuwa peke yake.

Kaka Naivasha
Mbona hamtaji Hell's Gate, hifadhi ya huku Naivasha? Unatembea au unaendesha baiskeli ndani ya hifadhi, unamalizia kwenye bwawa la Olkaria. Maji ya moto ya uhakika, bafu lipo, pa kubadilishia nguo papo.

Mzee wa Pori
Bwawa la Olkaria ni maji ya visima vya umeme wa mvuke, Kaka. Kuoga ni kuzuri, lakini mwenye mada kaomba chemchemi. Penye chemchemi kwenye kuta ndani ya hifadhi hiyo ni korongo la Ol Njorowa, na humo mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012, yakaua tena 2019. Mvua inanyesha milimani, wewe chini unaona jua, maji yanakukuta hujui pa kupandia. Kundi lenye mtu wa magoti silipeleki humo hata nikilipwa.

Abwooli wa Fort Portal
Nyote mnazunguka tu. Kutembea na kuoga kwa pamoja ni Rwagimba, huku kwetu Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Unapita mashamba ya ndizi na vijiji, unashuka bondeni hadi mto Rwimi. Maji ya moto yanatokea kando ya mto wenyewe, na mto unatoka milimani, baridi yake si mchezo. Unakaa kwenye maji ya moto mpaka unalegea, unajitupa mtoni, unarudi. Wanaume wana sehemu yao na wanawake yao.

Bi Tausi
Hapo kwenye sehemu ya wanawake ndipo pangenifaa. Ila kutoka Arusha mpaka Fort Portal ni safari ya nchi nzima, hiyo si wikiendi. Mtoto wa Sakina, kama mama ana presha muulize daktari wake kwanza, asikae majini muda mrefu, na anywe maji ya kutosha kabla.

Mtoto wa Sakina
Ahsanteni sana. Rwagimba tunaiweka ya likizo ya Desemba. Kwa sasa Magadi, ila mama atapanda gari mpaka mwisho, sisi ndio tutatembea. Nyambura, kutoka Namanga tukate Isinya hadi Kiserian au tuingie kwanza Nairobi? Na huko kusini kuna pa kulala, au tubebe mahema?

Nyambura Rongai
Isinya, Kiserian, mnashuka moja kwa moja. Nairobi mtaishia kwenye foleni. Mahema bebeni, ila usiku joto halipungui, mtalala nje ya hema.