Uzi wa hasira (Juni 2025): Manchester United ya nafasi ya 15 imeshabadilisha makocha vya kutosha, sasa ijifunze kuuza

Wakuu, salaam kwa wote, isipokuwa wale mliokuwa mnatuambia mwezi wa nne kwamba "ligi tuachane nayo, Ligi ya Europa itatuokoa".

Tuanze na aibu yenyewe. Msimu wa 2024/25: mechi 38, tumeshinda 11, sare 9, tumefungwa 18. Pointi 42. Magoli ya kufunga 44, ya kufungwa 54. Tangu timu ishuke daraja mwaka 1974 hatujawahi kumaliza pabaya namna hii. Na Tottenham, ambao wenyewe wamemaliza nafasi ya 17, wametupiga mara nne ndani ya msimu mmoja: 3-0 pale Old Trafford, 4-3 Kombe la Carabao, 1-0 kwao Februari, halafu 1-0 Bilbao tarehe 21 Mei kwenye fainali. Mara nne! Hata kwenye draft za kijiweni mtu akikufunga kwa njia ileile mara mbili, ya tatu unaiziba.

Sasa kabla hamjaanza kurushiana mawe ya "Amorim abaki" na "Amorim aondoke", zigawanyeni kwanza hizo pointi 42 kwa makocha watatu wa msimu huo. Ten Hag: mechi 9, pointi 11. Van Nistelrooy: mechi 2, pointi 4. Amorim: mechi 27, pointi 27. Pointi moja kwa mechi. Hiyo ni kasi ya timu inayopigania kubaki ligini, na tumepona kwa sababu timu tatu zilizopanda, Leicester, Ipswich na Southampton, zilikuwa mbovu kuliko sisi na zikarudi zilikotoka. Kwa hiyo kocha hana pa kujificha, tusidanganyane.

Lakini nani alimkabidhi kazi? Julai 2024 uongozi ulimwongezea Ten Hag mkataba. Ukamnunulia Yoro, De Ligt, Mazraoui, Zirkzee na Ugarte. Oktoba 28 ukamfukuza. Kumwondoa yeye, wasaidizi wake na mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth (aliyekaa miezi mitano tu) kumegharimu paundi milioni 14.5. Halafu Novemba, katikati ya msimu, wakamleta kocha ambaye Ulaya nzima inajua anacheza 3-4-3 (mabeki watatu, wanne kati, watatu mbele) na hana kingine. Ni sawa na kumnunulia seremala mbao za kitanda, ukamfukuza, ukaleta fundi anayetengeneza milango tu, kisha ukamuuliza mbona kitanda hakijaisha.

Hiyo beki tatu (msicheke, sizungumzii dada wa kazi) inadai vitu viwili ambavyo hatuna: viungo wawili wenye mapafu, na mabeki wa pembeni wanaoweza kupanda na kushuka dakika 90. Angalieni inavyovunjika. Mpinzani anaweka viungo watatu kati, sisi tuna wawili, mara nyingi Casemiro na Bruno. Yule wa tatu anabaki peke yake. Ili akabwe, mmoja wa mabeki watatu inabidi apande. Akipanda, nyuma yake panabaki shimo. Shimo likizibwa na beki wa pembeni, pembeni panabaki wazi, na namba kumi (kiungo mshambuliaji) wa upande ule anarudi kukaba badala ya kusubiri mpira mbele. Hatua tatu tu, mshambuliaji wetu yuko peke yake na timu nzima imerudi nyuma. Casemiro kusoma mchezo bado anajua, ila ana miaka 33 na uwanja ule ni mita 105. Ugarte anakata mipira vizuri sana, lakini mpe pasi akiwa ameelekea goli lake uone atakavyoirudisha kwa kipa. Matokeo yake Bruno, mpiga pasi bora tuliye naye, anashushwa chini akachezee mita 60 kutoka goli la mpinzani.

Fainali ilikuwa darasa zima la tatizo hili. Dakika ya 42 Sarr wa Tottenham anapiga krosi, Johnson wao na Shaw wetu wanagombania mpira, unaingia. Baada ya hapo tulikaa na mpira zaidi ya asilimia 70. Cha maana tulichopata ni kichwa cha Højlund ambacho beki wao Van de Ven alikitoa kwenye mstari. Garnacho akasubirishwa benchi mpaka dakika ya 71. Mwisho Maguire akapelekwa kusimama mbele. Mashindano yale Maguire alishatuokoa kwa kichwa dakika ya 120 na ushee dhidi ya Lyon, kwa hiyo simlaumu yeye. Ila ukiona beki wa kati ndiye tumaini la magoli, jua mastraika waliopo hata benchi lenyewe haliwaamini. Na haliwaamini kwa sababu: Højlund magoli 4 ya ligi, Zirkzee 3. Waliotuongoza kwa mabao ya ligi ni Bruno na winga Amad, 8 kila mmoja. Straika wetu wawili wote kwa pamoja hawamfikii winga.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Pesa imetumika sana. Kinachotushinda ni kuuza.

Mahesabu ya klabu yanakwenda hivi. Ukinunua mchezaji, bei inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Antony tulimchukua 2022 kwa paundi milioni 80 na kitu, mkataba wa miaka 5, kwa hiyo kila mwaka kitabu kinakatwa milioni 16 hivi. Miaka mitatu imepita, bado ana thamani ya milioni 32 kwenye karatasi. Ukimuuza chini ya hapo, tofauti inaandikwa hasara mwaka huohuo, na kanuni za ligi zinaruhusu hasara ya milioni 105 tu kwa miaka mitatu. Højlund: milioni 64 kwa miaka 5, imepita miwili, chini ya milioni 38 ni maumivu. Sancho: milioni 73, umebaki mwaka mmoja, karatasi inasema milioni 14 na nusu. Chelsea, waliomchukua kwa mkopo, wameona bora walipe faini ya milioni 5 wamrudishe kuliko wabaki naye. Yaani mtu kalipa ili arudishe mzigo!

Sasa geuza upande wa pili. Mchezaji wa akademi hana kitu kwenye kitabu, kwa hiyo ukimuuza kila senti ni faida. Ndiyo maana kila dirisha wanaotajwa kuuzwa ni vijana wetu wenyewe. Ndiyo maana McTominay aliondoka 2024 kwenda Napoli kwa takriban milioni 25, karatasi ikapendeza. Amefanya nini huko? Magoli 12 ya ligi, ubingwa wa Italia, na tuzo ya mchezaji bora wa Serie A. Kiungo anayefunga, anayekimbia, aliyelelewa nyumbani. Tukamuuza, tukamwachia Casemiro injini.

Huku juu wamepunguza wafanyakazi 250 mwaka jana, mwaka huu wakatangaza wengine hadi 200, wakafuta chakula cha bure cha mchana, tiketi wakazipandisha hadi paundi 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Mshahara wa mpishi ukiukata hata mwaka mzima haulipi wiki moja ya Antony, aliye mkopo Betis ya Seville.

Msimamo wangu, mnipinge kwa hoja:

Waondoke dirisha hili hata kwa hasara: Antony, Sancho, Malacia. Rashford akipatikana mnunuzi aende, ni wa akademi, bei yoyote ni faida. Garnacho ameshaambiwa atafute timu, basi auzwe mapema. Agosti 30 kila mnunuzi anajua umebanwa. Casemiro mkataba unaisha 2026, acha uishe, usimwongezee hata siku moja.

Waingie: kiungo kwanza. Sio wa tatu kwenye orodha, wa KWANZA. Cunha ameshanunuliwa kwa milioni 62.5, alifunga 15 ligini akiwa Wolves, ni mchezaji kweli. Mbeumo anatajwa, alifunga 20 Brentford. Safi. Ila tukimwaga bajeti yote kwa namba kumi wawili, nani atawafikishia mpira?

Na msimu ujao hatuna Ulaya kabisa, mara ya kwanza tangu 2014/15. Wachezaji 22 wanatosha. Mwaka ule Van Gaal alipata wiki nzima ya mazoezi kabla ya karibu kila mechi na akamaliza wa nne. Hakuna kisingizio cha uchovu.

Nimemaliza, mnishukie.

Jibu #2
Mkuu umeandika vizuri ila kwa mfumo umekosea. Unasema 3-4-3 haiwezekani bila viungo wa ajabu. Crystal Palace wa kocha Glasner wanacheza umbo hilohilo, na tarehe 17 Mei wamemfunga Manchester City 1-0 Wembley wakabeba Kombe la FA. Bajeti yao ni ndogo sana kuliko yetu. Goli lenyewe litazame tena: Muñoz, beki wa pembeni kulia, ndiye aliyepiga krosi, Eze akamalizia. Beki wa pembeni! Sisi Dalot mguu wa kulia anachezeshwa kushoto, kila akifika mbele anarudisha mpira ndani, shambulizi linakufa. Tatizo ni pembeni, sio kati.

Jibu #3 (mwenye uzi)
Palace ni mfano mzuri ila umeuchukua nusu. Muñoz anapanda kwa sababu nyuma yake kuna kiungo Wharton, ambaye pasi yake ya kwanza inakwenda mbele. Wapinzani wanaogopa kumwachia nafasi, wanabanana kati, pembeni panafunguka. Tumemnunua beki wa pembeni Dorgu Februari kwa milioni 25, mguu wa kushoto, mbio anazo. Hesabu mara ngapi amepewa mpira akiwa anakimbia, sio akiwa amesimama. Pembeni inalishwa kutoka kati.

Jibu #4
Mnajadili viungo wakati golini kuna mtu anatoa zawadi. Lyon ugenini mabao yote mawili kipa Onana alihusika, tukatoka 2-2 mechi tuliyoishika. Akapumzishwa, Bayındır akaingia Newcastle, tukala 4-1. Kwa hiyo kipa namba moja ana matatizo na namba mbili si jibu. Kwa timu inayofunga 44 msimu mzima, kila kosa la kipa ni pointi imeondoka. Mimi kipa namweka kabla ya kiungo.

Jibu #5
Boss mimi niko Nairobi na hapa tumekasirika vilevile, lakini hiyo hesabu yako ya akademi ndio inanipea stress. Wakianza kuona "faida safi", wa kwanza kuuzwa ni Mainoo. Mkataba wake ni mpaka 2027, na mazungumzo hayaendi mbele. Yule ndiye kiungo pekee tuko naye anaweza kupokea mpira akiwa amekabwa na bado ageuke. Goli lake la dakika ya 120 na Lyon tazama tena, amezungukwa, hakuharakisha, akaweka kona. Halafu Amorim anamchezesha hata namba kumi. Muuzeni huyo nione kama mtapata mwingine kwa chini ya milioni 70.

Jibu #6
#4 nakuunga mkono nusu. Onana alinunuliwa kwa sababu ya miguu, aanzishe mashambulizi. Sasa kama mpango ni kupiga mipira mirefu kila tukibanwa, kazi aliyoletewa haipo, limebaki lile la kudaka ambalo ndilo udhaifu wake. Hapo hata ukileta kipa mpya bila kiungo wa kumpokelea mpira, utarudia kulekule.

Jibu #7
Wote mnasahau kitu kimoja kwenye mahesabu. Mkataba mpya wa Adidas unakata milioni 10 kwa kila msimu tusioshiriki Ligi ya Mabingwa. Weka na mapato ya runinga na viingilio vya usiku wa Ulaya ambavyo havipo. Kwa hiyo hiyo "auzwe hata kwa hasara" ya mwenye uzi ina kikomo. Antony akiuzwa milioni 20, hasara ya karatasi ni 12. Højlund akienda kwa 30, ni 8 nyingine. Hao wawili tu tayari ni 20 kabla hujagusa Sancho. Lazima Garnacho na Rashford watangulie kuuzwa ili faida yao ifunike hasara hizo, na vyote viwe mwaka mmoja wa mahesabu. Mwaka wa klabu unafungwa Juni 30.

Jibu #8 (mwenye uzi)
#7 hapo umenikamata, mpangilio nilioweka juu naugeuza: Garnacho na Rashford kwanza, ndipo Antony. Ila leo ni katikati ya Juni, kuuza watu wawili kabla ya tarehe 30 na uongozi huu? Hawa walikaa mpaka Agosti wakiuza McTominay. Basi iingie mwaka mpya wa mahesabu, na tuombe Betis wampende Antony zaidi ya tunavyompenda sisi.

#5, Mainoo haendi popote kwenye orodha yangu. Akiuzwa nafungua uzi mwingine.