Naomba ushauri: nimjibu nini binti yangu kuhusu baba yake?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niko Malindi, nina binti wa miaka tisa. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka jana alitoka na dau wakati wa kusi, hakurudi. Hata mwili hatukuupata.

Jumamosi nilikuwa namsuka binti yangu kibarazani, yeye kanishikia kopo la mafuta. Akaniuliza: "Mama, mwalimu wa kanisani amesema Mungu amezihesabu nywele zetu zote. Na za baba?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mbona hakumrudisha?" Kitana kikanibaki mkononi.

Nimerudi kwenye Biblia. Mathayo 10, palepale penye neno hilo la nywele, shomoro wawili wanauzwa senti moja. Luka 12 watano ni senti mbili. Yaani wa tano ni nyongeza tu, kama muuza samaki sokoni anapokurushia kadogo kamoja juu ya fungu. Na huyo wa bure naye Mungu hamsahau! Mimi neno hilo limenishika sana. Lakini Mathayo hasemi shomoro haanguki, anasema haanguki Baba asipojua. Hapo ndipo nakwama. Mtoto anamtaka baba yake.

Matangani kuna waliomwambia Mungu alimpenda baba zaidi ndiyo maana akamchukua. Sasa anaogopa kupendwa na Mungu.

Mliolea mtoto mwenye msiba kama huu, mlianzia wapi? Nimsomee habari za Hajiri, yule mjakazi wa Sara aliyekimbilia jangwani, aliyemwita Mungu "unionaye", au bado ni mdogo? Kila jioni ananiomba twende ufukweni, na huko ndiko anakouliza tena.