Programu ya kuchorea mikakati ya mapambano ya mazoezi: FreeMind, draw.io au yEd?

KahawiaMpya:
Ndugu zangu, natafuta programu ya kuchora mkakati wangu wa judo: nikishapata mshiko, mpinzani akijibu hivi au vile, niende wapi. Nimezijaribu FreeMind (ya ramani za mawazo, yaani wazo kuu linalogawanyika matawi), draw.io na yEd (za michoro ya visanduku na mishale), zote za bure. FreeMind ndiyo ya haraka zaidi, kwa kuwa tawi jipya huongezwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, ila kadiri ramani inavyokua ndivyo mbinu zilezile zinavyojirudia kwenye matawi tofauti.

TatamiNgumu:
Kujirudia huko kunatokana na ramani ya mawazo yenyewe, ambayo hutaka kila kisanduku kiwe na mzazi mmoja, ilhali pambano haliendi hivyo. Ukiingia na ouchi gari (kumwangusha kwa kufyeka mguu wake kwa ndani) na mpinzani akauondoa mguu, unaweza kuendelea na uchi mata (kumrusha kwa kumwinua kwa paja lako). Akikusukuma kuja mbele, tai otoshi (kumvuta aanguke juu ya mguu wako ulionyoshwa) inafunguka. Akijinasua kabisa, mnarudi kugombea mshiko palepale mlipoanzia. Mshale huo wa kurudi ndio wenye faida kubwa kuliko yote, na FreeMind huuchora kama kiungo cha pembeni, na viungo hivyo vikishakuwa vingi, havisomeki. Mimi ningeiondoa mapema. Draw.io hukuachia uhuru wa kupanga utakavyo, hata ndani ya kivinjari, lakini ukitaka kuingiza hali mpya katikati, mara nyingi utasogeza visanduku vingine kwa mkono. yEd huupanga upya mchoro mzima kwa amri moja, hata wenye mizunguko. Sura yake ni ya kizamani, hilo nakubali.

MstariKwaMstari:
Kwa asiyeogopa kuandika, Graphviz ipo. Unaandika tu kwamba hali hii inaelekea ile, nayo inachora. Faili lake ni maandishi matupu, hivyo mchoro wa sasa unaweza kulinganishwa na wa zamani mstari kwa mstari.

GadiWazi:
Kwetu jiu-jitsu, mchoro usio na vidio haunisaidii sana, ndiyo maana natumia Canvas, ubao wa kuchorea ulio ndani ya programu ya madokezo ya Obsidian: naweka kipande cha vidio kando ya maelezo na kuviunganisha kwa mshale. Kupanga ni kwa mkono, kama draw.io.

MwalimuWaZamu:
Kabla ya kubishania programu, amueni kisanduku kinabeba nini. Wanafunzi wengi huandika mbinu katika visanduku na kuacha mishale mitupu, kisha mchoro hauwaambii kwa nini wahame kutoka mbinu moja hadi nyingine. Kisanduku kiwe hali, yaani nani ameshika wapi na uzito umeelemea upande gani, na mshale ubebe jibu la mpinzani. Kwa kipimo hicho namuunga mkono TatamiNgumu, kwa sababu yEd huruhusu maandishi juu ya mshale na huyazingatia inapopanga. Kwa wapiganaji wa ngumi na mateke nina shaka zaidi: huko umbali na wakati hubadilika upesi mno, na mchoro wa aina hii hubeba sehemu ndogo tu ya mkakati.

KahawiaMpya:
Nashukuru, mwalimu. Nitaanza upya kwenye yEd, nikichora kwanza mshiko wa kulia dhidi ya wa kulia peke yake (sote wawili tukishika kwa upande wa kulia), kisha niuhifadhi mchoro kama picha ili niusome kwenye simu kabla ya mazoezi. Wa kushoto utakuwa na faili lake.