Kati ya galaksi mbili zilizogongana, mawimbi ya redio hutoka wapi?

Mwalimu wa Fizikia, Ilemela
Ndugu zangu, mwanafunzi wangu wa kidato cha sita ameniuliza swali ambalo sikulijibu kwa kuridhisha. Ikiwa galaksi mbili zinapogongana nyota zake hupishana bila kugusana, kwa kuwa zimeachana mbali mno, ni nini kinachotoa mawimbi makali ya redio katikati yake, mahali penye nyota chache?

Mkazi wa Kirumba
Mwalimu, mwanafunzi huyo amegusa kiini. Nyota hupishana, ila gesi hugongana, na uga wa sumaku umenasa ndani ya gesi, kwa hiyo huburutwa pamoja nayo. Mwaka 1993 mwanaastronomia James Condon na wenzake walionyesha kwamba, katika jozi ya galaksi UGC 12914 na UGC 12915 (hizi ni namba za katalogi), takriban nusu ya mawimbi ya redio hutoka katika daraja la gesi lililo kati ya galaksi hizo. Fikiria mitumbwi miwili iliyonasana nyavu ziwani: kila mmoja ukishika njia yake, kamba hubaki zimetandazwa katikati. Elektroni zinazokimbia kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru huzizunguka kamba hizo za sumaku, na kwa kupindishwa hivyo hutoa mawimbi ya redio. Mnururisho huo huitwa wa sinkrotroni.

Mwalimu wa Fizikia, Ilemela
Nashukuru sana. Je, elektroni zenyewe zilipata wapi kasi hiyo, ikiwa darajani hakuna supanova, yaani milipuko ya nyota, za kutosha?

Msomaji wa Ukerewe
Shikamoo Mwalimu. Maelezo ya kwanza ni kwamba supanova ziliziharakisha zikiwa bado ndani ya galaksi, kisha zikachukuliwa pamoja na uga. Ya pili, ambayo mimi naona yana uzito, ni kwamba mawimbi ya mshtuko (mbano wa ghafla wa gesi) ya mgongano wenyewe huziharakisha palepale.

Mfano wa nyavu ni mzuri, lakini kamba haiongezeki nguvu, ilhali uga huongezeka gesi inapobanwa. Katika NGC 4038 na NGC 4039, galaksi zinazogongana katika kundinyota la Kunguru, wastani wa uga ni kama mikrogausi 20 (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, na mikrogausi ni sehemu yake moja ya milioni), takriban mara mbili ya galaksi za kawaida zenye mikono. Uga wa Dunia, wa karibu nusu gausi, unauzidi mara 25,000. Lakini uga wa galaksi hizo umetanda maelfu ya miaka ya nuru, ndiyo maana nishati yake ni kubwa mno.

Mwezi Mei, saa tatu usiku, Kunguru huwa juu sana hapa ziwani. Galaksi zenyewe hazionekani kwa macho, ila wanafunzi wanaweza kuonyeshwa upande zilipo.